KAZI YA MTU SIO KOMEDI, MASTAA MTUKOME!

Haya wadau, leo sina ubuyu, nina hasira.

Juzi kuna dada fundi gereji kaposti picha, ovaroli imejaa oili mpaka kwenye kola. Kaandika tu kwamba kwa mara ya kwanza kafungua injini, kaifunga mwenyewe na gari ikawaka. Basi. Hajaomba hela, hajamtukana mtu. Staa mmoja wa Bongo Muvi, jina kapuni, akaichukua akairusha kwenye peji yake na vicheko kibao, eti mwanaume gani ataoa hiyo. Mashabiki wakamalizia kwa matusi. Hadi jioni dada wa watu kaifuta.

Sasa staa, hiyo ndinga unayoringia ikizima Ubungo saa tatu usiku unampigia nani? Meneja wako?

Na nyie nyie mkihojiwa redioni mnatusimulia mlivyouza maji stendi na kulala studio, tunalia na nyie. Kumbe stori ya jasho ni tamu ikiwa yenu tu?

Shida yetu Wabongo, kazi tunaiheshimu ikishaleta hela. Mwaka 2020 yule mchimbaji mdogo wa Mirerani alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, kila mtu alimposti, bilionea, bilionea! Wenzake wanaoshuka shimoni kila siku na kutoka mikono mitupu, nani anawalaiki? Wakati jasho ni lile lile.

Najua mtasema ukiposti ukubali kuchambwa. Sawa, kama nati imelegea mwambie nati imelegea, atajifunza. Ila kumcheka mtu kwa sababu ana oili mikononi huko sio kuchamba, ni ushamba.

Mimi ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye sufuria la wali maharage. Mama ntilie mwenyewe ni mama yangu mzazi. Kipindi kile hakuwa na simu ya kuposti, ila angekuwa nayo ningelaiki wa kwanza.

Dada fundi, kama unapita hapa, irudishe ile picha.

Na wewe msomaji, tiririka hapo chini: unapiga kazi gani, na siku gani ilikufanya utembee kifua mbele? Konda, msusi, boda, mlinzi, dada wa kazi, wote karibuni. Atakayecheka nampiga bloku, hata awe staa.