Zimwi Lisilo na Ukoo

Yameenea miongoni mwa wahakiki wa fasihi simulizi madai ya kuwa hadithi isiyoeleza asili ya zimwi lake ni hadithi pungufu. Wadaio hivyo husoma masimulizi ya Unyamwezi na Usukuma kama karani asomavyo hati ya mashtaka: jina lipo, kosa lipo, mahali pa kuzaliwa pameachwa patupu. Basi hushika kalamu wakapajaza. Mmoja huandika biashara ya utumwa, wa pili ukoloni, wa tatu Shetani. Wanafunzi hunakili, na siku ya mtihani hupewa maksi.

Zimwi lisumbuliwalo zaidi kwa namna hiyo ni Shing'weng'we. Hadithi yake ni mashuhuri kwa Wasukuma, ndugu wa Wanyamwezi kwa lugha na kwa mila, na hadithi za jamii yake zimeenea Afrika hata kufika kwa Wasotho. Zimwi lilikuja likameza watu wote na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mja mzito, aliyejificha katika makapi ya nafaka. Akazaa mwana, Masala Kulangwa, naye alipopata akili akauliza watu wengine wako wapi. Alipoambiwa, akatoka kulisaka zimwi. Alirudi kwanza na panzi, akamwambia mamaye kuwa amekwisha kuliua. Mama akamjibu kuwa huyo ni panzi tu. Akaenda tena, akarudi na mnyama mwingine, na mama akakataa tena. Na hivyo mara kwa mara, mpaka siku alipolikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua, na watu wakatoka.

Angalieni sasa hadithi inakawia wapi. Haikawii katika ukoo wa zimwi. Haisemi lilizaliwa na nani, wala lilikosewa nini hata likaghadhibika. Inakawia katika makosa ya kijana. Kila mara analeta kiumbe asiyehusika, na kila mara yupo mtu mzima mwenye ujasiri wa kumwambia: siye huyu. Msimulizi aliyeirudia sehemu hiyo mara tano au sita mbele ya watoto hakukosa nafasi ya kueleza asili ya zimwi. Nafasi alikuwa nayo. Akaitumia kwa jambo alilolijua kuwa kubwa zaidi.

Watajibu kwamba Waswahili wa pwani hueleza. Ni kweli, wako waelezao. Katika mkusanyo wa Edward Steere uliochapwa London mwaka 1870 imo hadithi ya Sultani Majinuni, ambamo nunda mla watu alianza kuwa paka wa nyumba ya sultani. Paka alipoanza kuangamiza mifugo watu walishitaki, na sultani akawapuuza kwa hoja kwamba mnyama ni wake na mali ni yake. Akaendelea kupuuza mpaka paka akala watu, na mwisho wana wa sultani mwenyewe. Lakini asili hiyo ni mashtaka juu ya nani? Ni juu ya mwenye enzi. Msimulizi wa nunda alimfuatia mkubwa nyumbani kwake, akamtaja. Asili ya namna hiyo ina gharama kwa aitoaye, nayo ni sehemu ya hadithi yenyewe, si kiraka kilichoshonewa baadaye na msomi.

Kiraka cha utumwa ndicho kinachopendwa zaidi, na Unyamwezi ndiko kinakochakaa upesi. Njia kuu ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora. Pande za kusini yake, iliko leo wilaya ya Sikonge na misitu yake ya miombo, zilikuwa njia pia: Stanley alipozuiwa na vita ya Mirambo mwaka 1871 alizungukia kusini kwa kupitia Ugunda na Ukonongo. Katika njia hizo Wanyamwezi hawakuwa wamezwa tu. Walikuwa wapagazi wa ujira waliosifika nchi nzima, walikuwa wafanya biashara ya pembe wenye misafara yao, na baadhi yao walimiliki watumwa. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi wa Sikonge kwamba Shing'weng'we ni Mwarabu mwenye minyororo amemwondolea babu yake mwenyewe katika historia, naye hudhani amemtetea. Habari za utumwa zisomeshwe kwa miaka yake, majina yake na hesabu zake. Hazihitaji kuvikwa ngozi ya zimwi.

Hata huko zilikotoka riwaya wanazoziiga wahakiki hao, sharti lao halikushikwa na kila mtu. Cinthio, katika kisa alichokichapa mwaka 1565, alimpa mwovu wake sababu: alimpenda mke wa mkubwa wake. Shakespeare alikichukua kisa hicho kutunga Othello, akaliacha penzi hilo. Iago wake hutoa sababu mbalimbali zisizotosha, na akamatwapo hukataa kusema neno.

Lakini yaacheni ya Ulaya, maana hatari iko nyumbani. Katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa, Tabora ikiwamo, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma ya uchawi. Nchi ina sheria ya uchawi tangu mwaka 1928, na mauaji hayakukoma kwa sheria hiyo. Dalili iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu, ambayo mwanamke aliyepika miaka hamsini juu ya moshi atayakosaje? Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Na kazi ya mpiga ramli ni nini, ila kulipatia balaa asili? Mtoto amekufa, mvua imekataa. Mfiwa anauliza limetoka wapi, naye anapewa jina, nyumba na ukoo.

Haisemwi hapa kwamba mhakiki ana damu mikononi. Yasemwa tu kwamba anafundisha swali lile lile, na kulisifu kuwa ndiyo elimu, mbele ya vijana watokao vijiji vile vile. Msimulizi wa kale aliishi katika vijiji hivyo akawajua majirani zake. Aliliacha zimwi bila mama, na kwa hiyo hakuna mama wa mtu aliyeweza kutajwa.

Tena alijua zaidi ya hapo. Wasukuma wengine husimulia kuwa Masala Kulangwa alipokuwa akilipasua zimwi, kisu kilimkata sikio ajuza mmoja aliyekuwa tumboni. Ajuza akakasirika, akataka kumroga. Huyo ndiye pekee katika hadithi nzima anayetajwa kwa uchawi, na ndiye pekee ambaye sababu ya hasira yake imeelezwa: ameumizwa, tena na mwokozi wake. Masala Kulangwa hakumwua. Alitafuta dawa akamponya sikio.