Tatuu Imekosewa Spelingi, Nani Alaumiwe?

Wadau, leo tuongee hili bila kucheka sana. Mtu anaposti tatuu mpya, ngozi bado nyekundu, imeandikwa "Liziki Mafungu Saba". Dakika mbili tu watu wameshaiskrinishoti, inazunguka kwenye magrupu kuanzia Mwanjelwa mpaka Kihesa kule Iringa. Mchoraji hatajwi kabisa. Anayechekwa ni mwenye mkono.

Mimi hapo nakataa. Lawama zigawanywe kwa haki.

Kwanza tujue kazi inavyokwenda. Mchoraji anayejua kazi yake haanzi na sindano. Maneno yanaandikwa kwenye karatasi, halafu yanahamishiwa kwenye ngozi kwa stensili, ile michoro ya zambarau unayoiona kabla mashine haijawashwa. Stensili inafutika. Maana yake kuna nafasi mbili za kusahihisha, kwenye karatasi na kwenye ngozi. Wino ukishaingia ndani, kilichobaki ni kuchora kitu kikubwa zaidi juu yake au kufuta kwa leza, na leza ni hela na maumivu kuliko tatuu yenyewe.

Kwa hiyo mimi naona hivi: kosa lililo kwenye karatasi ni la mteja, kosa lililotokea kati ya karatasi na ngozi ni la mchoraji. Umeandika "Riziki" ikatoka "Rizki"? Arudishe hela na arekebishe bure. Fundi cherehani akiharibu kitambaa chako si analipa? Ngozi hailipiki, lakini hela inarudishika.

Kwenye majina mambo yanakuwa magumu zaidi. Unataka jina la mwanao Sara, inatoka Sala. Mchoraji atajuaje? Sala nalo ni neno, na kwa majina ya watu hata kamusi haikusaidii. Anayejua ni wewe mwenye mtoto. Na ukichora jina la mama aliyefariki na mwaka wake, ukikosea tarakimu moja hakuna wa kuchekea pale. Utaiangalia kila siku.

Msidhani ni sisi tu. David Beckham mwaka 2000 alichora jina la mkewe Victoria kwa maandishi ya Kihindi, ikaripotiwa kuna herufi imezidi. Ariana Grande mwaka 2019 alitaka "pete saba" kwa Kijapani kiganjani, ikasomeka jiko dogo la mkaa. Mwenyewe alieleza kwamba aliacha herufi nyingine kwa sababu ya maumivu. Hapo utamlaumu mchoraji?

Sasa tuambiane ukweli. R na L zinatusumbua wengi huku Nyanda za Juu, kwa sababu lugha zetu nyingi za nyumbani zinatumia L tu. Sio ujinga huo. Kinachoharibu ni aibu. Mteja hataki kuuliza asije akaonekana hajasoma. Mchoraji naye hana uhakika, lakini anaogopa kuambiwa "wewe fundi gani hujui kuandika?" Wote wanakaa kimya, mashine inawashwa. Mficha uchi hazai. Na sisi tunaocheka ndio tunaozidisha hiyo aibu. Ukiona mwenzio amechekwa wiki nzima kwa herufi moja, siku yako utathubutu kuuliza?

Mteja, fanya hivi. Jina liandike kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Stensili ikishabandikwa usiisomee kwenye kioo, kioo kinageuza herufi. Mpe mshkaji apige picha kwa kamera ya nyuma, asome herufi moja moja kwa sauti. Kama ni Biblia, ifungue kabisa. Zaburi 23 ni ya mchungaji, Zaburi 32 ni ya kusamehewa dhambi. Ukigeuza namba umeshatoa ushuhuda mwingine. (Wale wa Walawi 19:28 nawaona, hiyo tutaongea siku nyingine.)

Mchoraji, mteja aandike mwenyewe kwa mkono wake, asaini, na wewe piga picha ile karatasi. Ukiona neno hulielewi, uliza. Kuuliza hakukupunguzii ufundi, na siku kesi ikija karatasi inakutetea.

Baridi ya Juni na Julai Mbeya utaificha chini ya jaketi. Oktoba jua likiwaka itabidi uvue. Kwa hiyo mkiona herufi imeruka kwenye mkono wa mtu, kabla ya kuskrinishoti muulizeni kwanza: karatasi iliandikwaje?

Mimi nimemaliza. Nyie mnasemaje, mteja alipe au mchoraji?