Dawa zikigoma, muuguzi afanye nini?

Mama anamleta mtoto zahanati, ana mafua na kikohozi. Muuguzi anampima na kumwambia hakuna haja ya antibiotiki. Mama anaondoka amenuna, na njiani anapita duka la dawa kununua amoksilini. Siku ya tatu mtoto amechangamka. Chupa iliyobaki inawekwa juu ya kabati, ikimsubiri mdogo wake.

Mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Mtoto yule angepona tu. Dawa ile imewapa nafasi bakteria sugu, na hao hawabaki nyumbani kwako.

Sisi tunakutana nao wodini. Mtoto mchanga mwenye maambukizi kwenye damu huanzishiwa ampisilini na jentamaisini, dawa za bei nafuu. Siku hizi bakteria kama Klebsiella mara nyingi hawazisikii. Inabidi itafutwe meropenemu, ambayo ni ghali na haipatikani kila kituo. Usiku huo muuguzi ndiye anayekaa na mama, akihesabu pumzi za mtoto huku dawa ikitafutwa.

Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 pekee, bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani. Nchi za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara ndizo zilizoumia zaidi.

Hata hivyo, tusiwatwishe wazazi mzigo wote. Bakteria hao husafiri pia kwa mikono yetu watumishi, kutoka kitanda hadi kitanda. Muuguzi mwenye wagonjwa 30, na bomba halijatoa maji tangu asubuhi, ukimwambia anawe mikono unamkejeli. Uongozi unaoacha sabuni iishe utalipia kwa dawa za gharama kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ombi langu ni hili. Mzazi, usinunue antibiotiki bila kuandikiwa. Ukiandikiwa, tumia kama ulivyoelekezwa, na usimpe mtoto mwingine masalia. Ukiwa wodini na ukaona nakuja kumshika mwanao, niulize bila woga: "Dada, umenawa mikono?"

Hutakuwa umenivunjia heshima. Utakuwa umenikumbusha, na pengine umemwokoa mwanao pamoja na wa kitanda cha jirani.