Dawa ya pua ina siku zake

Na Rehema Mkilindi

Kipupwe kimeingia, na nusu ya abiria kwenye daladala wanaongea kwa pua. Famasi nako foleni ni ya wenye mafua. Mteja anasema pua imeziba, usiku hajapata usingizi. Muuzaji anageuka, anachomoa kiboksi kwenye rafu: "Puliza moja kila upande, asubuhi, mchana na jioni." Hela inapokelewa, anayefuata asogee.

Maelekezo hayo si mabaya, ila yamekatwa njiani. Hakuna aliyemwambia mteja aache lini.

Zailometazolini na oksimetazolini, dawa za kuzibua pua zinazopulizwa kama hiyo, ni za siku chache. Boksi za oksimetazolini zinazouzwa Marekani humtaka mtumiaji asivuke siku tatu. Uingereza, karatasi za zailometazolini zimekuwa zikiruhusu hadi saba. Mimi nasimama na siku tatu, na anayetaka kuendelea amuulize kwanza mfamasia au daktari.

Sababu imo humo humo puani. Tunadhani pua huziba kwa kamasi, ndiyo maana mtu anapenga mpaka masikio yanalia na bado hapati hewa. Mara nyingi kilichoziba ni utando wa ndani wenyewe: mishipa yake midogo imejaa damu, ukavimba, njia ikawa finyu. Dawa hii huibana mishipa hiyo. Dakika chache tu, hewa inapita, na nafuu inaweza kudumu saa nane au kumi. Lakini ikipulizwa siku nyingi mfululizo, mishipa huizoea. Nguvu yake ikiisha, utando unavimba upya, pengine kuliko siku ya kwanza. Mgonjwa anapuliza tena, safari hii mapema zaidi. Mafua yenyewe yalishakwisha wiki iliyopita. Kinachomziba sasa ni kile kichupa alichokishika. Wapo wanaoishi hivyo miezi, wengine miaka, kichupa kimoja mfukoni na kingine chini ya mto.

Simlaumu mtumiaji. Chukua kichupa cha kawaida cha mililita 10: kina mipulizo zaidi ya 60. Siku tatu kwa maelekezo ya yule muuzaji ni mipulizo 18. Mtu aliyezoea kuambiwa "maliza dozi" atakimaliza, na atajiona mgonjwa mtiifu. Onyo lipo, kweli, kwenye karatasi iliyokunjwa mara sita, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, tena kwa Kiingereza.

Kuna lingine linalofichwa na udogo wa kichupa. Hii ni dawa ya kubana mishipa ya damu, na si yote inayobaki puani. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, presha ya jicho au tezi ya shingo iliyozidi kufanya kazi, mjamzito, na anayetumia dawa za sonona, wote waseme kabla ya kununua. Ya mtu mzima, yenye asilimia 0.1, asipewe mtoto hata kama anakoroma usiku kucha. Aliye chini ya miaka sita asipewe kabisa bila daktari. Na kichupa kisikae mezani. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa mtoto mdogo akimeza mililita moja au mbili tu za dawa za jamii hii anaweza kupata madhara makubwa: usingizi usio wa kawaida, mapigo ya moyo kushuka, hata kupoteza fahamu. Mililita mbili hazijazi hata nusu ya kijiko cha chai.

Kwa mtoto mchanga aliyeziba pua ashindwe kunyonya, kuna matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa maalumu. Hayabani mishipa, yanalainisha kamasi, na hayana hesabu ya siku. Mtu mzima naye aanze nayo. Antibayotiki aziache dukani, maana mafua huletwa na virusi. Mwenye aleji ya vumbi, ambaye pua yake huziba mwaka mzima, anahitaji dawa nyingine ya kupuliza, ya jamii ya steroidi. Hiyo haina pupa: huchukua siku kadhaa kuonyesha kazi, na hutumika kila siku kwa maelekezo ya daktari. Kwa sura vichupa hivi ni mapacha, basi soma jina la dawa, usisome rangi ya boksi.

Wenye maduka ya dawa, ombi langu halina gharama. Kalamu mnayo kaunta. Andikeni juu ya boksi tarehe ya kuacha, kama mnavyoandika "1x3" kwenye bahasha za vidonge. Sekunde tano zinatosha.

Nawe uliyekwisha kunasa, usione haya. Baadhi huacha tundu moja kwanza, wakalipuliza la pili mpaka la kwanza lifunguke lenyewe, kisha wakaacha na hilo. Siku za mwanzo zitakuwa ngumu, hasa usiku, lakini wengi hufunguka ndani ya wiki moja au mbili. Ukishindwa, nenda kwa daktari, na umtajie kichupa hicho hata kama hajakuuliza, maana wagonjwa wengi hawakihesabu kuwa ni dawa.