Wakili Muislamu na faili la Muisraeli: tunachojifunza kwenye shaba ya Kongo

 

Swali limetufikia kutoka Mafiga, Morogoro. Muulizaji ni kijana wa Pemba anayesoma sheria, amepanga chumba huko na wenzake wa visiwani. Anasema amepata nafasi katika kampuni ya mawakili ya Dar es Salaam yenye ushirika na kampuni kubwa ya London, na hiyo ya London inajitangaza wazi kwamba inahudumia wateja wa Israel wanaofanya biashara nje ya nchi yao. Baba yake amemkataza. Mjomba wake anamwambia aende, riziki haichagui mlango. Yeye anauliza: mshahara wa hapo ni halali?

Tumeona tusimjibu kwa mstari mmoja, kwa sababu hayuko peke yake. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichofunguliwa mwaka 2005, kina kitivo cha sheria na sharia. Mzumbe nako sheria inasomeshwa miaka mingi. Na lafudhi ya Unguja na Pemba si kitu kigeni katika nyumba za kupanga za mji ule. Vijana hawa wakimaliza watatafuta kazi, na kazi yenye mshahara mzuri katika fani yao mara nyingi iko kwenye makampuni ya namna hiyo.

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Wengi wetu tukisikia wakili tunamuona mtu wa joho jeusi anasimama mbele ya hakimu. Hawa tunaowazungumzia wengi wao hawaingii mahakamani kabisa. Wanaandika mikataba ya kununua na kuuza makampuni, wanafungua kampuni katika visiwa ambako kodi ni ndogo na majina ya wenyewe yamefichwa, wanatoa maoni ya kisheria ili benki ikubali kukopesha, na mambo yakiharibika wanakwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mteja anaweza kuwa wa Tel Aviv, kampuni yake imesajiliwa Gibraltar, mgodi uko Kolwezi, benki iko London, na mzigo unapita Tanzania. Anayeziunganisha nchi hizo tano zikawa biashara moja ni wakili.

Mfano huu hatukuubuni. Anayekaa Morogoro hahitaji kuelezwa shaba ya Kongo. Akisimama Msamvu ataiona ikipita juu ya malori, imetokea Tunduma inakwenda bandari ya Dar es Salaam. Inachimbwa Lualaba na Katanga ya Juu, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Na habari ya mfanyabiashara wa Kiisraeli Dan Gertler katika migodi hiyo ni darasa kamili kwa kijana wetu.

Gertler aliingia Kongo mwaka 1997 akiwa kijana, mjukuu wa mwanzilishi wa soko la almasi la Israel. Mwaka 2000 Rais Laurent Kabila aliipa kampuni yake haki ya peke yake ya kusafirisha almasi ya nchi nzima kwa dola milioni 20. Haki hiyo ilifutwa mwaka uliofuata, lakini yeye akawa rafiki wa Rais Joseph Kabila, na kutoka kwenye almasi akahamia kwenye shaba na kobalti. Mwaka 2013 jopo lililoongozwa na Kofi Annan lilichunguza mauzo matano ya migodi ya mwaka 2010 hadi 2012 yaliyopitia kwa makampuni yanayohusishwa naye. Likasema serikali ya Kongo iliuza kwa bei ya chini na kupoteza angalau dola bilioni 1.36, karibu mara mbili ya bajeti ya mwaka ya afya na elimu ya nchi ile zikichanganywa. Yeye amekanusha siku zote kwamba alitenda kosa lolote, na insafu inatutaka tuliseme hilo pia.

Sasa tazama mawakili wako wapi katika habari hii. Novemba 2017 zilivuja nyaraka za kampuni ya mawakili ya Appleby, yenye asili ya Bermuda. Humo ikaonekana kuwa mwaka 2009 kampuni ya Glencore iliikopesha kampuni ya Gertler dola milioni 45 wakati ikimtegemea asaidie mazungumzo na serikali ya Kongo. Glencore walisema hakukuwa na ubaya katika mkopo ule. Lakini mkopo, dhamana na masharti yake vyote vilikuwa vimeandikwa vizuri kabisa, kwa karatasi safi na saini za watu waliosoma.

Desemba 21, 2017, Wizara ya Fedha ya Marekani ilimuwekea Gertler vikwazo, ikisema alitumia urafiki wake na Kabila kujifanya mlango ambao makampuni ya nje yalilazimika kupita. Glencore wakasita kumlipa mirabaha. Mwaka 2018 kampuni yake moja ikapata amri nchini Kongo za kuzuia mali za migodi ya Glencore kwa madai ya karibu dola bilioni 3. Mwezi wa Juni Glencore wakatangaza kuwa watamlipa, ila si kwa dola na bila ya kumhusisha Mmarekani yeyote. Hapa pana fundisho kubwa kuliko maneno mengi: vikwazo viko pale pale, sheria haijabadilika, lakini pesa imepata njia kwa kubadilishwa sarafu. Njia ya namna hiyo haigunduliwi na mhasibu wala dereva. Ni kazi ya mtu aliyekaa na sheria usiku kucha akitafuta ufa.

Na hayo hayakwisha hapo. Mawakili wakubwa wa Marekani, miongoni mwao Alan Dershowitz na Louis Freeh aliyewahi kuongoza FBI, walimsaidia kutaka alegezewe vikwazo. Januari 2021, siku chache kabla ya Trump kuondoka, kibali cha kumlegezea kikatolewa kimya kimya. Mwezi wa Machi serikali mpya ikakifuta. Februari 2022 Kongo ikaandikiana naye makubaliano ya kurudishiwa migodi na vitalu vya mafuta, lakini yeye akabakishiwa mirabaha ya migodi mitatu mikubwa. Katikati ya yote hayo, wafanyakazi wawili wa benki moja ya Kinshasa waliotoa nyaraka kuonyesha namna fedha zilivyokuwa zikizunguka walihukumiwa kifo huko Kongo bila ya wao wenyewe kuwepo. Hao ndio waliofanya kazi ambayo sisi tungeiita kuamrisha mema na kukataza mabaya, na hatukusikia kuwa makampuni makubwa ya mawakili yaligombania kuwatetea.

Mtu asije akatusoma mpaka hapa akasema: ndiyo tabia ya Mayahudi. Hilo ni kosa, na katika dini ni kosa kubwa. Glencore si kampuni ya Israel, ni ya Uswisi, na Desemba 2022 ilikubali kuilipa Kongo dola milioni 180 kwa tuhuma za rushwa za mwaka 2007 hadi 2018. Waliouza migodi kwa bei ya kutupa ni viongozi wa Kongo, Waafrika kama sisi. Na hapo hapo Morogoro, kwenye kilima cha Wigu upande wa Kisaki, kampuni ya Kanada iitwayo Montero ilipoteza leseni yake baada ya mabadiliko ya sheria za madini, ikatupeleka kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2024 Tanzania ikakubali kuilipa dola milioni 27. Hatusemi kuwa Montero hawakuwa na haki. Tunasema mwananchi wa Kisaki hakuwa na kiti katika chumba kile, naye ni mmoja wa waliolipa.

Turudi kwenye dini. Uwakala katika mashtaka unajuzu, na mafakihi wanataja kuwa Sayyidna Ali (r.a.) alimuwakilisha nduguye Aqil, kisha Abdullah bin Jaafar, wasimame badala yake katika madai. Kuamiliana na asiyekuwa Muislamu katika mali nako kunajuzu, Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi mmoja wa Madina kwa shairi aliyoichukua kulisha ahli zake, na hadithi hiyo iko katika Bukhari. Kwa hiyo, mteja kuwa Yahudi, au kuwa na pasi ya Israel, peke yake hakuharamishi kazi.

Kinachoharamisha ni kile anachosaidiwa. Katika Suratul Maida, aya ya 2, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Katika Suratul Baqara, aya ya 188, tumekatazwa kulana mali kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu ili tule haki za watu tukijua. Nani anahusika zaidi na aya hii kuliko wakili? Na katika Suratun Nisaa, aya ya 105, Mtume mwenyewe alikatazwa kuwa mtetezi wa wahaini. Moja ya riwaya walizozitaja wafasiri kuhusu kushuka kwake ni kwamba mtu mmoja miongoni mwa watu wa Madina, anayejiita Muislamu, aliiba deraya kisha akamtupia Yahudi, na jamaa zake wakaja kumtetea kwa sababu ni mtu wao. Wahyi ukashuka ukamtoa hatiani Yahudi. Baba wa kijana wetu aisome aya hiyo pamoja na mjomba, maana inamjibu mmoja na mwenzake.

Ipo pia hadithi ya Ummu Salama (r.a.), ambayo kila mwanafunzi wa sheria aijue: Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa yeye ni binadamu, kwamba wagombanao humjia, na pengine mmoja akawa hodari wa hoja kuliko mwenziwe akahukumiwa kwa alivyosikika, basi atakayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo, amekatiwa kipande cha moto. Ufasaha wa wakili ndiyo bidhaa anayouza, na hadithi hii inazungumzia bidhaa hiyo hiyo.

Kwa Israel kuna jambo la ziada ambalo kwa mteja wa nchi nyingine huenda lisiwepo. Julai 19, 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuwepo kwa Israel katika ardhi za Wapalestina zilizokaliwa ni kinyume cha sheria, na kwamba mataifa yasisaidie kuendeleza hali hiyo. Basi faili la kampuni inayojenga katika makaazi ya walowezi, inayouza silaha zinazotumika Gaza, au inayotafuta mkopo kwa shughuli hizo, hilo halina mjadala: kuliandikia hata barua moja ni kusaidia dhulma. Na hapa tena tusiangalie rangi. Januari 2024 mahakama hiyo ilipoamuru hatua za dharura katika kesi ya Afrika Kusini, Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alipinga hatua zote, wakati Aharon Barak, aliyeteuliwa na Israel yenyewe, aliunga mkono mbili. Jirani yetu wa Afrika Mashariki alituangusha zaidi kuliko jaji wa Israel.

Lakini Muisraeli anayeuza mitambo ya umwagiliaji, au aliyedhulumiwa fedha zake na mshirika wake wa Nairobi, ana haki ya kutetewa. Chuki yetu juu ya yanayofanyika Gaza, nayo ni chuki ya haki, haitupi ruhusa ya kumdhulumu yeye; Suratul Maida, aya ya 8, imelifunga hilo.

Shida ya kijana wetu ni kwamba mwanafunzi wa kazi hapewi mteja, anapewa kipande cha faili. Anaambiwa atafiti sheria ya madini, asahihishe mkataba, apeleke karatasi kwa msajili. Hawezi kuona nyumba nzima kwa tundu la ufunguo. Hata hivyo sheria ya nchi haimuachi kipofu. Sheria ya Kuzuia Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 imewaweka mawakili miongoni mwa wanaopaswa kuwatambua wateja wao na kutoa taarifa za miamala ya shaka, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2009. Basi ana haki, bali ana wajibu, wa kuuliza: mmiliki wa kweli wa kampuni hii ni nani? Kwa nini imesajiliwa huko? Mali hii iko wapi, na aliyeiuza aliiuza kwa bei gani? Akijibiwa "wewe andika tu", amekwisha kujibiwa.

Tunamwambia hivi. Kazi hiyo kwa asili yake inajuzu, na mshahara wa kazi ya halali aliyoifanya kwa mkono wake ni halali, hata kama kampuni ina mapato mengine yenye doa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kuamiliana na mwenye mali iliyochanganyika ni makruhu na si haramu, maadamu hajui kuwa anachopokea ndicho chenyewe cha haramu. Kabla ya kutia saini, aombe iandikwe kwamba anaweza kukataa faili kwa sababu ya dhamiri yake, na kama hawataki kuandika, basi awaulize mbele ya shahidi na asikilize jibu. Akipewa faili la silaha, la makaazi ya walowezi, au la mgodi ulionunuliwa kwa rushwa, alikatae siku hiyo hiyo. Wakimlazimisha, aondoke. Akiwa ameshapokea ujira wa kazi ya namna hiyo na hakujua, asiurudishe kwa kampuni. Autoe katika maslahi ya Waislamu bila ya kutaraji thawabu za sadaka.

Ama baba yake, kumtii ni wajibu katika lisilo maasi, na kukataa kazi si maasi. Kwa hiyo asiende kinyume naye kwa nguvu ya fatwa yetu. Ampigie simu, amsomee haya, na mjomba awepo. Baba akibaki na msimamo wake baada ya hapo, kijana atafute nafasi nyingine, na wanafunzi wenzake wa Mafiga walio na swali kama hili watuandikie wakitaja aina ya kazi, wala wasitutajie majina ya makampuni.

Wallahu a'lam.