Uzazi Si Mzigo wa Mama Peke Yake



Mama akijifungua, kila mtu ana neno. Mama mkwe anadai mjukuu mwingine, jirani anamnong'oneza habari za sindano na vijiti, naye mume hukaa kimya mchana, usiku akadai haki yake. Mimba ikiingia mtoto angali ananyonya, wote humsuta mama kwamba amembemenda mtoto. Huo si uadilifu.

Tunalishika fundisho la Papa Paulo VI katika waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968: vizuia mimba havikubaliki. Lakini waraka uo huo unafundisha uzazi wa kuwajibika, na unawaruhusu wanandoa wenye sababu nzito kufuata vipindi visivyo vya rutuba. Anayetangaza katazo na kuificha ruhusa anamdhulumu mama.

Tuseme wazi. Katika miezi 6 ya kwanza, mama anayenyonyesha maziwa yake pekee, mchana na usiku, na ambaye hajaona siku zake, ni nadra kushika mimba. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Muda huo uliobaki wadai elimu ya dalili za mwili, na mume anayejua kujinyima.

Jumuiya inayokemea vidonge bila kumfunda mume imemtwisha mama msalaba, yenyewe ikatembea mikono mitupu. Akina baba, mafundisho ya uzazi yanawahusu ninyi kwanza.