Gari Jipya na Fundi wa Zamani

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilikuwa ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Ikiharibika njiani, mara nyingi fundi mwenye spana na bisibisi huitengeneza papo hapo.

Mercedes-Benz S-Class ya leo ni raha kuipanda, tena ina mifuko ya hewa ya kumlinda abiria. Hatuikatai. Lakini hitilafu zake husomwa kwa kompyuta, na fundi asiyefundishwa husimama kando kama mgeni.

Je, afukuzwe? Hapana! Mwajiri apendaye magari mapya na amlipie fundi mafunzo, tena katika saa za kazi. Chama na kidai hayo katika mapatano.

Umoja ni nguvu.